Verediana na Chungu Kisichokwisha

Mke wangu Verediana alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa sita. Figo. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Aliniachia ombi moja. Azikwe na jumuiya, kwa sala zao na nyimbo zao. Kwao Bukoba tusingeweza kumfikisha. Hapa Durban ndugu hana, na mtoto Mungu hakutupa. Jumuiya ya Waswahili ya parokia yetu ndiyo iliyokuwa ukoo wake. Miaka ishirini na nane alipika kwenye misiba ya wenzake. Aliosha maiti za wanawake ambao hata jina la kijiji chao hatukulijua.

"Marwa," aliniambia, "nimewazika wengi. Na mimi nizikwe hivyo hivyo."

Nikasema sawa.

Alikuwa msafishaji wa nyumba. Alifanya kazi South Beach, kwenye yale maghorofa ya mbele ya bahari. Ghorofa ya tisa alikaa mzee wa Kireno, Anselmo, aliyetoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, wakati Wareno wenzake wanakimbia. Huyo alikuwa mcheza mazingaombwe. Alicheza kwenye meli za abiria, akacheza mahotelini, mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Chumba kizima alikijaza vyombo vyake vya kazi. Verediana aliambiwa afute vumbi tu, asiguse kitu.

Akagusa.

Siku moja mzee alimkuta ameshika kisanduku cha droo, anakifungua, anakifunga. Unatia yai ndani, unafunga, ukifungua hamna yai. Verediana alijua kazi imekwisha leo.

Mzee akamwuliza, "Umeona nini?"

"Droo ni mbili," akasema. "Moja imevaa nyingine."

Mzee akakipokea kisanduku. Halafu akamwambia aweke ufagio chini, akae.

Kabla ya kumfundisha alimwapisha. Watu wa kazi ile ndivyo walivyo, asiyeapa hafundishwi. Siri ya chombo haitoki mdomoni. Haitoki kwa mume, haitoki kwa padre, haitoki hata ukitukanwa. Mtu akikuuliza umefanyaje, unacheka, basi. Verediana alirudi nyumbani siku ile anacheka. Nikamwuliza una nini. Akazidi kucheka.

Anselmo alipokufa ndugu zake walikuja wakachukua vingi. Yeye aliachiwa sanduku moja la bati la safari. Mlikuwa na vikombe vitatu vya shaba na vipira vyake vya sufu. Pete sita za chuma zinazoingiana bila kukatwa. Sufuria ya kifuniko kirefu, unawasha moto ndani, unafunika, ukifunua anatoka njiwa. Na mkono wa mti, umeishia kwenye kifundo, kucha zake zimepakwa rangi. Mkono ule unaulaza juu ya kibao, unauuliza swali, unagonga. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Huko ndiko alikoanzia. Baada ya hapo alivitafuta mwenyewe. Jumapili baada ya misa alipita kwa wauza vitu vya zamani, akipinda mgongo juu ya meza zao kama mtu anayechagua nyanya. Wauzaji hawakujua wanachouza. Yeye alijua. Birika lenye matumbo mawili. Kopo la chai lisilo na haja ya kuwa zito vile. Mfuko wa mahameli wenye mshono mahali pasipotakiwa mshono. Alikuwa akinipigia simu kazini bandarini, upande wa Bluff, mimi niko ndani ya tumbo la meli nachomelea.

"Marwa, nimekipata!"

"Nini?"

"Hutaelewa."

"Sasa umenipigia ya nini?"

Hakuwa mchezaji sana. Alikuwa mtunzaji. Alivisugua, akavifunga kila kimoja kwenye kitambaa chake, akavipanga kabatini kwetu Umbilo, nguo zangu zikahamia kwenye sanduku chini ya kitanda. Kwa mwaka mara mbili, tatu, alicheza mbele ya watoto wa Komunyo ya kwanza. Watoto walipiga kelele. Mama zao walipiga makofi huku wakiwavuta watoto nyuma kidogo. Niliona. Na yeye aliona.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni chungu cha shaba cha Kihindi. Alikipata kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahama nyumba. Yule mama alitaka kukitupa. Alisema kibovu, ukimwaga maji yote, baada ya muda maji yamo tena, kinamlowanishia kabati. Verediana akamwambia pole sana mama, nipe mimi nikakitupe. Alicheka njia nzima mpaka watu kwenye teksi wakamwuliza kulikoni.

Lakini kweli kilivuja pia, kwenye kiungo cha chini. Alihitaji fundi, na fundi alikuwa mimi. Siwezi kuziba chombo nisichokijua ndani. Alihangaika wiki nzima. Mwisho akanikalisha mezani, akauweka mkono wangu juu ya shaba.

"Apa."

"Mimi mume wako."

"Ndiyo maana. Wewe Mkurya ngumi unazijua, siri huzijui. Apa."

"Nyie Wahaya kwa kujiona!"

"Apa, Marwa."

Nikaapa. Kwa hiyo chungu kile nakijua. Kina kuta mbili, maji yako katikati ya kuta. Chini ya mdomo kuna tundu dogo kama la sindano. Ukiliziba kwa kidole gumba, maji ya ukutani hayashuki. Unamwaga yote ya kati, unakigeuza chungu juu chini, watu wanaona kitupu. Unakiweka. Unaondoa kidole. Polepole maji yanaingia tena. Unamwaga tena. Mara sita, mara saba.

Sasa nimseme Médiatrice.

Médiatrice ni jirani yetu, Mkongomani wa Bukavu. Zamani alikaa kibandani kando ya mto, nje kidogo ya mji. Mafuriko ya mwaka elfu mbili ishirini na mbili yalikipitia kibanda usiku. Yeye alishika mti. Binti yake Sia, wa miaka tisa, alipotea. Baba wa mtoto alikuwa Mchaga, ndiyo maana jina lile. Walitafuta wiki tatu kwa mbwa na kwa maboti. Hawakumpata mpaka leo. Kanisa likamtafutia Médiatrice chumba kwenye jengo letu, juu yetu ghorofa mbili. Alikuwa haongei. Akipewa chai anaishika mpaka inapoa.

Verediana alikwenda kumkalia. Alijaribu maneno, akachoka maneno. Siku moja akapanda na chungu. Akamwaga maji kwenye beseni, akasema, "Yamekwisha." Akakaa. Akamwaga tena. "Yamekwisha." Mara ya tano Médiatrice akafungua mdomo.

"Tena."

Hilo ndilo neno la kwanza tangu mto. Verediana alishuka akaniambia akiwa analia.

Akawa anapanda kila jioni. Médiatrice akaanza kula. Akaanza kusuka watu nywele. Halafu siku moja akamwambia mke wangu kwamba yale maji anayajua. Mtoto alichukuliwa na maji, na sasa maji yanarudi kidogo kidogo, hayakatai. Alisema Sia ndiye anayeyatuma. Alikuwa akiyachota kidogo kwa kiganja, anajipaka usoni.

Verediana hakulala vizuri kuanzia hapo.

"Nimwambie?" aliniuliza.

"Mwambie."

"Nikimwambia atarudi kule alikokuwa."

"Basi usimwambie."

"Wewe unajibu kama unamfukuza kuku."

Hakumwambia. Alisema zamani alishika siri kwa sababu ya kiapo, sasa anaishika kwa sababu ya mtu. Alipoanza kuumwa, mwaka mzima wa kwenda na kurudi hospitali, bado alipanda ngazi na chungu chake, anapumzika kila baada ya ngazi nne. Aliposhindwa kupanda, Médiatrice alishuka.

Wiki ya mwisho aliniambia, "Vyombo usivifungue mbele ya watu. Hasa chungu. Unajua kwa nini."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshasema sawa mara mbili.

Jumanne ile ile alasiri kina mama walikuja. Desturi ni hiyo, mtu akifa wanatoa viti, makochi, makabati, wanatandika mikeka na magodoro, waombolezaji wakae chini. Aliyewaongoza ni Mama Gracieuse, mkubwa wa kina mama wa jumuiya, Mkongomani wa Uvira, mwanamke wa kazi. Mimi nilikuwa jikoni. Sikufikiria kabati. Miaka yote lilikuwa kabati tu.

Walilisukuma, likagoma. Mama Gracieuse akasema tupunguze vitu. Akafungua. Cha kwanza alichovuta ni kile kibao. Kitambaa kikafunguka. Mkono ukaonekana, kucha nyekundu, na alivyokiinamisha kibao mkono ukagonga. Ko. Ko.

Nilisikia ukelele. Nilipotoka sebule ilikuwa tupu, kina mama wote wako kwenye korido, mmoja kiatu kimebaki ndani.

"Papa Marwa!" Mama Gracieuse anahema. "Ile kitu iko inagonga yenyewe! Kuna mkono wa mtu mule!"

"Wa mti, mama."

"Hata kama! Mama Vere alikuwa anafanya nayo nini?"

Mwingine akasema, "Ndiyo maana hakuzaa." Hakusema kwa sauti kubwa. Korido yetu ni nyembamba.

Jioni akaja Dominiki, mwenyekiti wa jumuiya. Mtanzania, dereva wa lori, mtu mwema. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Mzee wangu, pole."

"Nimepoa."

"Kina mama wanasema hawaingii. Na makaburini hawaimbi. Mpaka wajue mama alikuwa nani."

"Unamjua tangu uingie mji huu."

"Mimi namjua. Wao wameona mkono." Akaizungusha kofia. "Wengine wanasema vitu vichomwe, tumalize. Petroli ninayo kwenye gari."

Nilifikiri usiku ule wote. Nikivichoma, nimekubali. Watakuja, wataimba, na kila mmoja atajua wanamzika mchawi aliyechomewa vyombo vyake. Nisipovichoma, nitasimama makaburini mimi na mchimbaji. Nilitafuta njia nyingine. Ilikuwepo moja tu, nayo nilikuwa nimeiapia.

Kesho yake saa kumi jioni nilimwambia Dominiki awaite kina mama chini, kwenye maegesho. Wiki ile maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu Jumapili, lori la maji lilikuwa limetoka kuondoka, watu wamejaa na ndoo zao. Nikateremsha meza. Nikaweka kibao na mkono. Nikaweka chungu.

Nilianza na mkono; usiku nilikuwa nimeuchunguza mpaka nikaiona siri yake. Nikawaonyesha uzi mweusi, mwembamba kama nywele, unapita chini ya kifundo. Nikauvuta. Ko. Nikamwambia Mama Gracieuse avute yeye. Akakataa. Akavuta Dominiki. Ko, ko.

"Eish!" mtu akasema nyuma. "Uzi tu?"

"Uzi tu."

Lakini walikuwa hawajaridhika. Waliangalia chungu. Chungu wote walikuwa wamekisikia kwa waliosukwa nywele na Médiatrice.

Nikainua macho. Médiatrice alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kuingilia, ndoo ya maji kichwani. Ameniona namwona. Ningeweza kuishia pale. Ningesema chungu ni cha kupikia, hakina neno. Nilikuwa na maiti kwenye jokofu la watu, na Jumamosi ya kuzika ilikuwa inakuja.

Nikakitia maji. Nikamwaga. Nikakiweka, nikahesabu, nikamwaga tena. Kina mama wakarudi nyuma. Ndipo nikakigeuza nikawaonyesha tundu. Nikaeleza kuta mbili. Nikaeleza kidole. Nikaeleza taratibu, kama namfundisha mtu kuchomelea, asije akakosea.

Dominiki ndiye aliyeanza kucheka.

"Kumbe ni tundu!"

Mama Gracieuse akaja, akaweka kidole, akatoa, akaweka. Alicheka mpaka akajishika tumbo. Ilikuwa ni nafuu, naelewa. Siku nzima alikuwa na hofu kwamba amekula chakula cha mchawi miaka ishirini.

"Ni mwongo huyu mama! Mwongo mkubwa! Mungu amurehemu, alituchezea sisi wote!"

"Na watoto wangu walivyokuwa wanamwamini!"

"Mimi nilimwomba aniombee kwa kile chungu, jamani! Nilimletea na kuku!"

Wakacheka. Wakapanda ngazi wamebeba magodoro, wanacheka. Chai haikuwa imechemka bado, na mke wangu alikuwa ameshatoka kuwa mchawi amekuwa mwongo. Mimi ndiye niliyemtoa. Hakudanganya mtu hata siku moja kwa faida yake. Nilitaka kulisema hilo. Sikupata pa kuliingiza.

Médiatrice alibaki. Alitua ndoo, akaja mezani. Akashika chungu kwa mikono miwili, akatafuta kwa kidole mpaka akalipata tundu.

"Njo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akakirudisha mezani, polepole, kisigonge. Akajitwika ndoo yake akapanda.

Tulizika Jumamosi. Walikuja watu ambao siwajui, mpaka wa parokia nyingine. Kina mama walivaa vitenge vya sare. Waliimba kutoka getini mpaka shimoni na kutoka shimoni mpaka getini. Mama Gracieuse alipika sufuria nne, akaniwekea nyama mwenyewe, akakaa karibu yangu mpaka nikala. Alilia pia, sana, na hakuwa anaigiza. Verediana alipata alichoomba, hakuna kilichopungua. Médiatrice hakuja.

Nilimsubiri ashuke. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Wateja wake wa kusukwa walikuwa wanapanda na kushuka bila kusukwa. Mama mmoja aliniambia anagonga, anasikia mtu ndani, hafunguliwi.

Baada ya arobaini nikapanda. Ngazi zile mimi nazo hatupatani siku hizi. Nikagonga.

"Ni nani?"

"Marwa."

Alifungua kiasi cha uso. Amekonda. Ndani kulikuwa na giza, mapazia yamefungwa mchana.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Kwa nini, papa?"

"Unajua."

Alifikiri. "Yeye alijua nilikuwa naamini?"

"Alijua."

"Alikuwa anacheka?"

"Hapana. Alikuwa halali."

"Kwa nini hakuniambia yeye?"

"Aliogopa utarudia hali ile."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na ameiona ni ya haki. Nilidhani ndiyo mwisho. Nikaona nijieleze zaidi, ndilo kosa langu la pili.

"Wasingemzika, Médiatrice. Ningefanyaje? Mke wangu angelala bila sala."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Wewe ulikuwa na maiti, papa," akasema. "Mimi nilikuwa na ile maji tu."

Akafunga mlango taratibu. Nikasikia anaweka komeo.

Kila siku napanda na chakula, nakiacha mlangoni kimefunikwa. Siku nyingine nakuta sahani tupu, imeoshwa. Siku nyingine nakikuta kama nilivyokiacha. Leo nimekikuta kama nilivyokiacha.